Sindano Iliyonikataa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Wewe, wifi na watoto hamjambo? Mimi natembea, nakula, nacheka. Ukiniona hutasema nina lolote.

Uliniuliza kazi mpya ikoje. Nipo chumba cha chini kabisa cha jengo, mlango mzito, hata nyayo za watu hazisikiki. Humo mna hadubini isiyotumia jicho bali sindano, ndogo kiasi kwamba huioni, inayotetema huku ikipapasa vitu kama kipofu apapasavyo uso wa mtu. Ikikisogelea kitu mno hubadilika tabia: umeme unaoitikisa ni ule ule, lakini inaweza kutetema kwa upole au kwa nguvu. Kishindo kidogo tu huirusha kutoka mtetemo mmoja hadi mwingine, na ikisharuka hairudi yenyewe. Picha nayo hugeuka. Palipokuwa na kilima, unaona shimo.

Basi ikawa inaruka kila nikikaa mimi. Mwenzangu, tunayemwita Miwani, akikaa inatulia tuli. Mimi nikiegemeza mkono mezani tu, mstari kwenye skrini unapanda ghafla. Mwanzoni alinitania kwamba nimefuatana na jini wangu. Baadaye akaacha utani. Kaka, nilifika mahali naingia mle nikihisi kile chuma kinanisikiliza, hata kupumua naogopa.

Siku moja Miwani aliamua kupima mtetemo wa meza yenyewe. Akaniomba niweke mkono, nisitikisike. Kwenye skrini vikatokea vijiwimbi, vimefuatana sawasawa. Nikautoa mkono, vikapotea. Nikaurudisha, vikarudi. Niliutazama ule mkono: umetulia kama jiwe. Akaniuliza polepole kama kwetu kuna mtu aliyewahi kutetemeka. Nikamjibu, "Hakuna."

Nilimdanganya. Unakumbuka Baba alivyoanza: kikombe kikamshinda, kisha vifungo vya shati, mwishowe hata jina lako hakuweza kulitamka. Nilikwenda kwa daktari. Kwa macho hakuona kitu, akanipima damu. Majibu yametoka. Ugonjwa wa Baba ninao.

Mama sijamwambia. Nakuambia wewe kwa sababu una watoto. Miwani nimeshamwambia ukweli, naye amekubali uje siku yoyote, uweke mkono wako pale mezani. Ukiona hutaki kujua, niandikie habari za watoto tu, wala sitakuuliza tena.

Mpe wifi salamu, na wanangu uwakumbatie kwa niaba yangu, uwashike mikono.

Ni mimi,
kitindamimba wenu