Maswali ya Baba Ikupa

Idodi, Iringa
17 Januari 1978

Baba Ikupa,

Sisi wazima, na mahindi yamefika magotini. Bahasha yako kutoka chuo kikuu nimeipata: fomu thelathini za utafiti wa shahada yako ya pili ya mitaala, niwagawie walimu wa tarafa nzima. Nimetafuta barua humo ndani, sikuiona. Hata fomu yangu mimi mkeo umeiandika "Mwalimu Mpendwa", kama za wenzangu.

Nimeijaza. Umeuliza kama mtaala unafaa. Mimi nina watoto tisini na kitabu kimoja. Mama yako kule Mbeya analalamika kwamba humwandikii. Mtumie na yeye fomu.

Jana nimemwandikisha Ikupa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu akamuuliza, "Baba yako anafanya kazi gani?"

Akajibu, "Anauliza maswali."

Mwalimu wako mpendwa,
Damari