Sindano Katika Zizi la Baba

Mpwapwa, 3 Machi 1912

Kwa Baba yangu mpenzi, Matonya,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama na dada Anyesi atakayekusomea, na wote wa hapo Kikuyu ya Dodoma, na ng'ombe pia. Mimi ni mzima. Ile homa ya masika imeniacha, na sasa nakula ugali wa uwele mpaka wenzangu wanacheka.

Baba, masomo yetu hapa misheni yanaisha kabla ya mavuno. Juzi Mwalimu Yoramu aliniita barazani akaniuliza, "Yotham, ukitoka hapa utafanya nini?" Yeye angependa nibaki nifundishe watoto. Wenzangu wengi wanakimbilia reli, wajifunze kupiga simu za maandishi kule stesheni, na kaka Seth amenitumia salamu kwamba hapo Dodoma wananitaka. Lakini kuna jambo jingine. Daktari wa mifugo, Mzungu aliyejenga karibu na mto, anatafuta vijana wanaojua kusoma na waliokulia kwenye ng'ombe, awafundishe kazi yake kwa mwaka mmoja, kisha awaajiri.

Nilipolisikia hilo sikulala vizuri. Sitaki kwenda bila neno lako. Wewe ndiye uliyeniruhusu kusoma wakati wazee wengine walikucheka kwamba umemtupa mchungaji wako. Sijasahau, na nakushukuru. Niambie unaonaje.

Ni mimi mwanao,
Yotham


Kikuyu, 29 Machi 1912

Kwa Yotham, mwanangu,

Mbukwa. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, anauliza kama una nguo ya baridi. Mvua si mbaya.

Umeuliza ninaonaje. Naona hivi: fundisha watoto, nitafurahi. Nenda relini na kaka yako, nitanung'unika, lakini nitanyamaza. Rudi nyumbani uchunge, nitachinja mbuzi. Kwa huyo daktari, hapana.

Ulikuwa mdogo, lakini hukuwa mdogo wa kusahau. Wazungu walikuja na askari, daktari wao akapita zizini akasema ng'ombe wangu wana ugonjwa wa mapafu. Kweli walikuwepo waliokohoa. Wakawapiga risasi wote, waliokohoa na waliokuwa wamelala wakicheua. Nilisimama mlangoni pa zizi nimeshikwa mikono kama mwizi. Mama yako alilia mpaka sauti ikakatika. Leo mwanangu mwenyewe anataka kumbebea mtu wa namna hiyo sanduku lake?

Usiniulize tena habari hii.

Baba yako,
Matonya

(Yotham, ni mimi Anyesi ninayeandika. Baba alikuwa akizunguka uani huku anasema. Mengine aliyosema sikuyaandika.)


Mpwapwa, 20 Mei 1912

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mavuno yamekuwaje? Mimi mwili wangu ni mzima, ila moyo ni mzito, kwa sababu nakuandikia jambo litakalokuudhi. Nimekwenda kwa daktari wa ng'ombe.

Ulisema sikuwa mdogo wa kusahau. Ni kweli. Mama alinificha nyuma ya kihenge cha nafaka, lakini nilichungulia. Nilimwona yule daktari akiuliza maswali kwa Kijerumani, na askari wa pwani akitafsiri asichokijua. Wewe ulikuwa unasema kwa Kigogo, "Huyu mzima, huyu mzima, huyu ndiye mgonjwa," unaonyesha kwa kidole, wala hapakuwa na mtu wa kuyafikisha maneno yako. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza: kama pale angesimama hata mtu mmoja wa kwetu, anayejua ng'ombe na anayejua maneno yao, labda wangebaki nusu. Nataka niwe mtu huyo.

Daktari huyu mpya ni mkali lakini anasikiliza. Siku ya kwanza alitupeleka zizini akauliza yupi anaumwa. Nikamwonyesha ndama aliyelegeza masikio na pua yake imekauka. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema, "Baba yangu." Baba, kila ninachofundishwa hapa kinakaa juu ya vile nilivyojifunza nyuma yako malishoni. Hata kama umekasirika, pokea shukrani yangu.

Mwanao asiyekudharau,
Yotham


Mpwapwa, 11 Agosti 1912

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu, nami sikulaumu. Nimempa mtu wa Kikuyu anayerudi huko chumvi ya Mama na shanga za Anyesi. Nawe nimekutumia blanketi. Kama hutaki kulivaa, mpe mchungaji.

Sasa najua kuchoma sindano bila mnyama kuruka. Nimetazama damu ya ng'ombe katika kioo kinachokuza vitu vidogo, nikaona vidudu vinavyotembea humo. Nilitamani ungekuwa karibu, nikupishe uone.

Mwanao,
Yotham


Mpwapwa, 2 Novemba 1912

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, mchukua barua anangoja.

Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, imeingia. Imeonekana kaskazini, upande wa Kondoa, na wachuuzi wanasema wamepita mizoga njiani. Inateremka kuja kwenu. Wewe unaijua kuliko mimi. Umetusimulia mwaka ule wa ujana wako, mlipobaki mnachemsha ngozi mle.

Daktari ana dawa. Siyo dawa ya kumponya aliyekwisha kushikwa. Ni ya kumchanja aliye mzima: anapata ugonjwa kidogo, akiushinda, ule mkubwa haumpati. Lakini sikufichi, wengine hawaushindi, wanakufa kwa chanjo yenyewe. Hakuna anayejua kabla ni yupi.

Tunaruhusiwa kwenda kwa wanaotaka tu. Ukisema nije, nitakuja. Ukisema hapana, sitaleta mtu mlangoni pako.

Mwanao,
Yotham


Kikuyu, 16 Novemba 1912

Yotham,

Njoo. Askari wasikanyage zizi langu.

Baba yako

(Amelivaa blanketi lako tangu ile baridi ya Agosti. Usimwambie nimekuambia. Anyesi.)


Kondoa, 9 Januari 1913

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute wewe na Mama wazima. Tumefika Kondoa na tunafanya kazi vijijini. Tunakaa kwa Mzee Mustapha, mfanyabiashara wa ngozi, na mkewe Bi Mwantum anatupikia vizuri sana. Huku sotoka imefagia. Kuna watu wanakaa milangoni mwa mazizi matupu, hawana la kufanya asubuhi.

Baba, sikupata nafasi ya kusema nawe vizuri kabla hatujaondoka hapo nyumbani. Kila nikifumba macho namwona yule fahali wetu mwekundu. Nilimchoma kwa mkono wangu, na baada ya siku chache alipiga magoti, na baada yake wale majike wawili wa Mama. Watu walipokuja kutucheka, na jirani yetu Malogo akaja na fimbo anauliza yuko wapi Mzungu aliyewaua, nilitoka nje. Nikamwambia, "Mzungu hayupo. Ni mimi, Yotham wa Matonya, niliyewachoma." Nilidhani atanipiga. Nilitazama nyuma kukutafuta nikaona umeingia ndani. Nikasema moyoni, basi, Baba amenikana.

Tuliitwa huku kesho yake. Sijui wale ng'ombe wengine niliowachoma wamekuwaje. Sijui kama sotoka imefika kwenu. Naogopa kuuliza, lakini nauliza.

Kama nilikosea, nisamehe. Kama hutaki nirudi kwa kazi hii, nitarudi kama mtoto wako tu.

Mwanao,
Yotham


Kikuyu, 2 Machi 1913

Kwa mwanangu Yotham,

Mbukwa, mbukwa sana. Sisi wazima wote. Mama yako mzima. Mvua imenyesha vizuri, mlenda umejaa shambani.

Nitaanza na lile linalokuuma. Sikuingia ndani kukukana. Niliingia kuchukua mkuki. Nilisema, Malogo akiinua fimbo ile juu ya mwanangu, leo tutaona. Nilipotoka alikuwa amekwisha kuondoka, na wewe umekaa chini umeshika kichwa, nikaona haya kukuambia. Mimi si mtu wa maneno, unanijua.

Sotoka ilifika kabla hujamaliza mwezi tangu uondoke. Iliingia kwa Malogo kwanza. Nilikaa usiku na mchana nawatazama ng'ombe wangu macho na pua. Jirani mmoja baada ya mwingine alipoteza. Fisi walishiba mpaka wakawa hawatukimbii. Ng'ombe wangu walisimama, Yotham. Wote uliowaacha hai walisimama, wanakula majani kana kwamba hakuna kitu duniani.

Kwa fahali nililia. Alikuwa mzuri, na sitasema ni kitu kidogo. Lakini ulikuwa umeniambia kabla, na mimi nilikubali kabla. Yule wa zamani hakuniambia kitu, alinifunga mikono. Hiyo ndiyo tofauti, na imenichukua mwaka mzima kuiona.

Watoto wa Malogo wanakunywa maziwa kwangu sasa. Nimempeleka jike mmoja zizini kwake amkamue mpaka atakapojipata tena. Alikuja mwenyewe kushukuru. Nikamwambia asinishukuru mimi. Akasema, "Basi mwambie kijana." Nami nakuambia.

Asante, mwanangu. Nasema tena asante, na Anyesi ameambiwa aandike mara mbili. Kazi hiyo ni yako. Nakubariki nayo.

Sasa sikiliza. Mama yako mdogo wa Mlali ana zizi kubwa na ng'ombe wake hawajachanjwa. Mumewe anaogopa kama nilivyoogopa mimi. Ukimaliza huko Kondoa pitia hapa, twende wote. Yeye nitazungumza naye mimi. Wewe utashika sindano, na mimi nitashika pembe.

Baba yako,
Matonya