Blauzi ya Vipimo vya Zamani

Kikula, Likasi
Jumapili, tarehe 14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Madeleine,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima huko Liège, wewe pamoja na shemeji Godefroid. Je, kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Huku kwetu sasa ndiyo miezi ya baridi na vumbi. Midomo inapasuka, lakini tuko hai. Mimi magoti yananiuma ninapopanda ngazi za kanisa. Mengine ya afya yangu nitakueleza mbele.

Maandalizi ya harusi ya Estelle, binti wa marehemu kaka yetu Germain, yanaendelea vizuri. Kitenge cha familia kimechaguliwa: cha kijani chenye maua ya manjano. Vipande vyako na vyangu viko kwa fundi Carlos, karibu na soko. Ni yule yule aliyetushonea mama alipokuwa hai, na daftari lake la vipimo bado analo. Likumbuke daftari hilo, kwa maana nitalirudia.

Picha ulizotuma mwezi wa Machi zilifika kwenye simu ya Estelle. Nitakueleza zilivyopokewa, kwa sababu hakuna mwingine atakayekueleza. Siku ya kwanza watu waliona tu jinsi ulivyokonda. Jirani yangu Mama Claire, ambaye huniita Yaya kama dada yake mkubwa, alishika kichwa akaniuliza, "Yaya, mudogo wako iko na ugonjwa gani?" Wanawake wa jumuiya wakasali rozari nzima kwa ajili yako. Nami nilisali pamoja nao, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo nimekwisha kuiungama kwa padri.

Furaha hiyo haikudumu wiki mbili. Estelle aliwaeleza kwamba daktari alikuambia upunguze uzito kwa sababu ya sukari, nawe ukatii, na kwamba kila asubuhi unatembea kando ya mto. Basi watu wakageuka. Mama Claire sasa anazunguka uwanja wa shule kila asubuhi akiwa amevaa raba za mume wake, na anapopita mbele ya mlango wangu ananiita: "Yaya, toka, utembee. Mafuta haiko sifa tena." Wenzake wanacheka. Mimi hufunga dirisha.

Madeleine, unajua nilivyokuwa mwembamba. Baba alipotoka machimboni Kakontwe alikuinua wewe mbele ya majirani akisema, "Huyu ndiye anaonyesha kwamba kwangu watu wanakula." Siku ya picha ya Pasaka mama aliniambia nisimame nyuma ya kiti, ili mikono yangu isionekane. Picha hiyo ingali ukutani. Ndani yake mimi ni kichwa tu. Nilifundisha miaka thelathini na sita, na kila darasa lilirithi kutoka darasa lililotangulia jina la Kijiti. Nilikula uji wa karanga mara mbili kwa siku. Nilimeza vidonge vya kuongeza hamu ya chakula. Mwili ulikuja nilipostaafu. Ndipo watu wakaanza kunipa kiti cha mbele na kuniita Mama Mukubwa. Nilikaa katika kiti hicho miaka minne, kisha wewe ukatuma picha.

Mwezi uliopita Estelle alikuja kunieleza mpango wa siku yake. Hujasahau kwamba kwetu shangazi mkubwa ndiye anayemtangulia bibi arusi akicheza, kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti chake. Mtoto akaniambia kwa upole: "Shangazi, weye utakaa tu, magoti inakuuma. Shangazi Madeleine atacheza mbele. Ule iko na mwili ya kucheza." Nilimjibu kwamba ni sawa. Haikuwa sawa.

Kesho yake Carlos aliniuliza vipimo vyako. Vile vipya ulivyoniandikia nilikuwa navyo mkobani, kwenye karatasi. Nilimwambia atumie vya daftari, vya mwaka ulioondoka. Nilitaka blauzi ikuning'inie kama gunia mbele ya ukoo mzima, ili waseme tena kwamba unaumwa. Sikusahau, wala sikukosea. Nilikusudia.

Alhamisi nilikwenda kujaribu blauzi yangu. Haikufunga.

"Mama, tangu mwezi wa tano umeongezeka tena," alisema Carlos. "Na kitenge imeisha, hata sokoni haiko." Kisha akaishusha yako kutoka kwenye msumari, akaitazama. "Hii ya mudogo wako nayo iko kubwa sana. Nimeona picha. Hii mapimo ni ya kweli?"

Nilikaa kwenye benchi. Nikatoa karatasi nikampa. Aliisoma, akacheka taratibu. "Sentimita makumi tatu, Mama. Ulikuwa unamufichia nani?"

Akaipunguza yako papo hapo. Vipande alivyotoa ubavuni mwako akavitia kwapani mwangu. Sasa inafunga.

Limebaki jambo moja. Tangu Februari daktari wa zahanati ameniambia maneno yale yale uliyoambiwa wewe. Nina sukari. Karatasi yake nimeificha ndani ya Biblia, hata Estelle haijui. Sikutaka kuupoteza mwili nilioungoja maisha yangu yote, halafu niitwe Kijiti tena uzeeni. Utakapofika mwezi wa Agosti, uwe unatembea nami kila asubuhi. Tutapita njia ya nyuma, Mama Claire asituone.

Bado ninakuonea wivu. Sitakudanganya katika barua hii hii ninayoungama. Lakini ucheze vizuri, mdogo wangu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele. Nitakapoinua mikono kukupigia vigelegele, tazama chini ya kwapa zangu, utaona kitambaa chako.

Nisalimie shemeji Godefroid, pamoja na watoto Osée na Danielle. Mungu awafikishe salama hadi mlangoni kwangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ninapokosa,

Alphonsine