Ukuta Uliokuwa Ukumbini

Jumatatu, 3 Machi
Sura ya tatu, masahihisho ya mwisho. Chai imepoa tena. Kutoka ghorofa hii ya mtaa wa Cedar-Riverside, huku ughaibuni, theluji ni ya kijivu, imechoka.

Natetea tasnifu baada ya wiki mbili. Nikifaulu, Juni naanza kazi kwenye ofisi ya kuhifadhi majengo ya kale, St. Paul. Nimeitaka kazi hii mno.

Kasri ninaloliandikia liko milimani, kwetu Tanzania. Mjerumani alilijenga liwe nyumba ya shambani. Mwingereza akalifanya mapumziko ya gavana. Leo ni ikulu ndogo. Mnara mmoja, paa la mwinuko mkali, kuta za mawe. Hoja yangu: ukumbi mkubwa ulikuwapo tangu mwanzo, ili anayeingia ajione mdogo. Waliofuata waliurithi tu. Ushahidi ni mchoro mmoja wa Mjerumani. Naipenda hoja hii kuliko ninavyowapenda watu wengi.

Alhamisi, 6 Machi
Dada Neema, nesi ninayesali naye, kaniambia leo tu. Mama yake alifanya usafi ikulu ile miaka mingi. Sasa mama huyo anaishi naye huku, Woodbury, analea wajukuu. Nitakwenda Jumapili. Kwa adabu. Sina cha kumuuliza hasa. Labda nipate sentensi nzuri ya utangulizi.

Jumapili, 9 Machi
Bibi Yustina. Mdogo wa umbo, magoti mabovu, macho makali. Wajukuu wanamwelewa, wanamjibu kwa Kiingereza. Yeye hajali.

Nilimwamkia. Akaitikia, kisha: "Ndiyo wewe unayeandika nyumba yangu?"

Nikamweleza ukumbi. Akanisikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Ukumbi upi huo? Mimi nimekuta vyumba viwili. Cha kulia na cha kuotea moto. Ukuta katikati."

Nikamwambia nina mchoro. Akasema mchoro haupigwi dawa ya sakafu. Yeye alizipiga dawa mbao zile za sakafu akiwa amepiga magoti, kila wiki. Upande wa meko zimelala hivi, upande wa madirisha zimelala vile. Ukuta ulivunjwa baada ya uhuru, yeye akiwa kazini, ili meza ndefu ya wageni wa serikali iingie. Walifuta vumbi la chokaa wiki nzima.

"Lakini Bibi, mimi niliingia mle."

"Uliingia, msomi wangu. Ulikuwa unatazama juu kama kuku anayekunywa maji."

Dada Neema alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Kumbukumbu za wazee huchanganyika. Nimeandika hivyo hapa ili niamini.

Jumatatu, 10 Machi
Picha nilizopiga mle ndani: arobaini na moja. Thelathini na nane ni za dari.

Katika tatu zilizobaki zulia limefunika karibu sakafu yote. Moja inaonyesha ukingo. Nimeikuza. Mbao zinageuka. Pale zinapogeuka kuna ukanda wa vipande vifupi, upana wa shubiri, rangi tofauti, kama kiraka cha mahali uliposimama ukuta.

Nimeiangalia hadi saa sita mchana. Mjerumani alichora ukumbi. Hakuujenga. Tulijijengea wenyewe.

Nina hofu. Naona aibu pia, lakini hofu ni kubwa zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Profesa anayenisimamia hakushtuka. Ameshauri niiweke kwenye tanbihi: mfanyakazi mmoja wa zamani anakumbuka tofauti. Mistari miwili. Nitetee, nihitimu, nirekebishe siku nyingine.

Ni mtu mwema. Ananitakia kazi ile.

Nimeiandika tanbihi. Ni safi kabisa. Haina jina la mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Sikutoka.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeifuta tanbihi. Nimeomba utetezi uahirishwe hadi vuli. Barua ya pili nimeipeleka ofisi ya St. Paul, kuwaeleza kwamba Juni sitakuwa na shahada.

Wamejibu kabla ya jioni, kwa upole. Watamchukua mwingine.

Nilitegemea kujisikia mwadilifu. Najisikia mjinga. Nikapika wali, nikala wote.

Jumamosi, 29 Machi
Woodbury. Nimempelekea Bibi ramani mpya, karatasi kubwa, imejaa meza ya jikoni. Ukuta nimeurudisha, kwa mstari mzito. Mbao nimezichora pande zote mbili.

Alinawa mikono, akaikausha kwenye khanga, ndipo akagusa karatasi. Aliuona ukuta, akaitikia kwa kichwa.

Akauliza aanzie wapi kuingia. Nikamwonyesha mlango mkuu, chini ya mnara. Kidole chake hakikuufuata. Kilizunguka nje ya nyumba, taratibu, kikapita kona, kikaenda ukuta wa nyuma wote, kikarudi.

"Sisi tulikuwa tunapita wapi?"

Mlango wa jikoni. Sikuwa nimeuchora.

Nikampa penseli.