Jino la Skrubu

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Ikutha
Nimepiga mswaki. Damu tena, pale pale kwenye jino la skrubu nililowekewa Nairobi mwaka jana. Sielewi. Jino la kutengenezwa litaumwaje? Mwikali, mke wangu, anasema ni ufizi. Nimemwambia ufizi wangu hutoa damu tangu ujana na sijafa.

Jumatano, 6 Agosti
Linacheza. Au ni mimi tu? Nimeligusa na ulimi siku nzima, hata sijui tena kama ni lenyewe ama la kando. Kuna usaha. Harufu mbaya. Jumamosi wakwe wanaleta mbuzi za ntheo, za kumposa binti yetu Mumbua. Baba ni mimi. Lazima niongee.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu.
Nyama ya kwanza tu, jino likalala. Nikafunga mdomo. Wageni wakauliza kama tumewakubali. Nikatikisa kichwa, nikimaanisha ngojeni kidogo. Wao wakaona nimekataa! Mzee wao akasimama, akachukua kofia. Mumbua akatoka jikoni akilia. "Baba, nimekukosea nini?"
Nikapanua mdomo mbele ya watu wote. "Tumekubali. Ni jino."
Walicheka. Walikaa. Mumbua hajaniongelesha tangu hapo.

Jumatano, 13 Agosti. Nairobi
Daktari amelitoa, skrubu na yote, karibu kwa vidole tu.
"Mwalimu, mwaka jana nilikuuliza kama ufizi unatoa damu. Ulisema hapana."
Kweli nilisema. Niliogopa atakataa kuniwekea. Ama niliona haya. Sijui.
Anasema skrubu haiozi, lakini inashikwa na mfupa, na ugonjwa wa ufizi unakula mfupa. Hata jino langu la kwanza lilitolewa na ugonjwa huo huo. Mimi nilidhani jino likienda, ugonjwa umeenda nalo. Kumbe ulibaki ukingoja lingine? Nimemuuliza mara tatu. Ameeleza mara tatu. Bado kichwa kinazunguka.
Sina hasira naye. Nina hasira na mimi.

Jumapili, 24 Agosti. Ikutha
Nimetoka kanisani. Ufizi umesafishwa, nitarudi kwa daktari Desemba aangalie mfupa. Huenda jino lisiwekwe tena. Hajaahidi.
Mumbua ameniletea uji, akaketi karibu yangu. Nilipomuuliza habari ya mchumba wake, Musyoka, jina lilitoka na mluzi. Amecheka.
Nimelitaja tena.