Mpigaji Simu wa Ghorofa ya Tano

Shanghai,
Jumapili, 17 Julai 2022

Mpendwa Dada Manqing,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu Aprili. Ni ya selotepu ikivutwa kwa nguvu, kraaa, mara tatu, asubuhi ile waliyofunga mlango wako baada ya kukuteremsha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu, ghorofa mbili chini yako, mkono uko kwenye kitasa, na sikufungua. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na salamu, nitasalimu mpaka karatasi iishe.

Hata hivyo salamu ni haki yako. U hali gani? Wazazi wako hapo Wuhu wanaendeleaje, na goti la baba limepata nafuu? Kikohozi ulichotoka nacho karantini natumaini kimekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Nimerudi ofisini, nahariri kitabu cha hesabu cha darasa la nne, na kila siku ya tatu napanga foleni ya kipimo cha koo kabla ya kupanda treni. Lango la mtaa wetu liko wazi. Bwana Ge wa chini amerudisha kipaza sauti chake kwa kamati ya mtaa, lakini sauti yenyewe haijarudi mahali pake. Hata akiagiza tambi anazungumza kana kwamba anaita jengo zima lishuke kupimwa.

Ujumbe wako wa kutaka tupange nyumba moja utakaporudi Septemba niliupata. Niliponyamaza ukaniuliza kama nimepata mchumba anayenikataza. Sijapata mtu. Nimeshindwa kukujibu kwa simu, maana kwenye simu mtu huandika, akafuta, akaandika tena, na mwenzake anamwona. Vumilia nianzie mahali unapopajua, ili nisiruke kitu.

Unakumbuka tulivyoishi zile wiki za kwanza za kufungiwa majumbani. Saa kumi na mbili jioni kila mmoja wetu aliegemeza simu kwenye chupa ya siki, tukala pamoja, wewe na kabeji yako na mimi na kabeji yangu, tukisifiana mapishi. Uliteremsha kikapu kwa kamba ya kurukia, ukinitumia majani ya vitunguu uliyoyaotesha kwenye glasi, nami nikakupandishia soda, ambayo siku hizo ilikuwa na thamani kuliko nyama. Kikapu kilipita dirishani kwa Shangazi Bao, nyumba namba 502, naye alikuwa akikikamata katikati ya safari na kupiga kelele, "Mnapitisha magendo mpakani kwangu bila ushuru? Nyie watoto mmelelewa wapi?" Anachomoa jani moja, anakiachia. Siku ambayo hukuweka vitunguu alitia yeye mayai mawili ya chumvi, akasema anachoka kukagua mizigo ya maskini.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa manunuzi ya jengo, na ndiye niliyehesabu picha za vipimo. Kila asubuhi kila nyumba ilituma kwenye kundi la simu la jengo picha ya kipimo cha haraka, na kando yake karatasi yenye namba ya nyumba na tarehe. Zikitimia siku kumi na nne bila mgonjwa, tungeruhusiwa kushuka uani. Siku ya kumi na moja ukanipigia na kuniambia kipimo chako kimetoa mistari miwili. Ulilia. Hukulilia homa, ulilia hesabu. Ulisema jengo lote litakulaani, na kwamba huko kwenye ukumbi wa karantini taa hazizimwi. Ukaniomba nijipime mara mbili, kipimo cha pili nikipige picha na namba yako, nikutumie, nawe uiweke kwenye kundi. Nilikubali. Tulifanya hivyo siku ya kumi na moja, na siku ya kumi na mbili tena. Shangazi Bao akawa anagonga dari kwa mpini wa deki, akiuliza nani anakohoa kama mbuzi, achemshe tunda la pea anywe maji yake.

Siku ya kumi na tatu alfajiri walikuja kukuchukua.

Sasa nikueleze usiyoyaona. Hesabu ilirudi mwanzo na kundi likawaka moto. Mwanzo walikugeukia wewe, kwa sababu ulificha. Kabla ya chakula cha mchana wakamgeukia aliyekuchongea kwa kuipigia kamati simu. Mke wa Bwana Ge aliandika, "Siku mbili tu zilibaki! Huyo aliyepiga simu alikuwa na haraka ya kwenda wapi, na lango limefungwa?" Kisha Bwana Ge, ambaye alikuwa akishinda na watu wa kamati, akaja na habari kwamba mpigaji hakutaja jina, ila alisema anakaa ghorofa ya tano. Ghorofa ya tano ina nyumba nne. Moja ni tupu, na wenye mbili walikwama nje ya mji tangu Machi. Alibaki mmoja.

Wakamwita Redio. Shangazi Bao hasomi vizuri maandishi ya simu, kwa hiyo siku tatu nzima hakujua. Alikuwa ananing'iniza karatasi ya mahitaji yake kwenye kitasa cha mlango, kama kawaida, nami naipiga picha nikipita kugawa mizigo. Familia saba zikaniandikia kwamba zikiona 502 kwenye orodha, zinajitoa. Duka lilitaka nyumba zisizopungua kumi na tano, na sisi tulikuwa ishirini. Nikaitoa 502. Siku ya mayai alitoa kichwa dirishani akaniita, "Peiran, mwanangu, yangu yako wapi?" Nikamjibu hayakutosha. Akasema haya, kuku nao wamefungiwa. Akacheka peke yake.

Baadaye mtu alimweleza, sijui nani. Karatasi ya kitasani ikakoma. Siku ishirini na sita alikula kabeji na mchele wa serikali tu. Najua ni siku ishirini na sita kwa sababu orodha zote ninazo.

Nawe huko ukumbini, chini ya taa zako zisizozimwa, uliendelea kula nami saa kumi na mbili jioni. Ulisema ukirudi utakaanga pilipili mbele ya mlango wa Redio mpaka apige chafya za mwaka mzima. Nilicheka, Manqing. Mimi ndiye niliyeongeza kwamba mlango wake hauzibi vizuri chini. Ukaniambia pia jinsi walivyokuhoji kuhusu zile picha, nawe ukasema ulitumia za zamani ukabadilisha tarehe, wala hukunitaja. Ulilisema kama jambo dogo, huku ukitafuta uma. Siku uliyohama mwezi Juni ulikutana naye kwenye ngazi, ukamwambia, "Asante kwa matangazo." Aliinama akakusaidia kushika ncha ya begi, nawe ukalivuta.

Hajasamehewa mpaka leo. Akikaa kwenye benchi uani, wenzake wanakumbuka kwamba wameacha sufuria jikoni. Kwenye mazoezi ya asubuhi pengo linaachwa kila upande wake, kubwa kuliko lile la wakati wa maradhi. Jumatatu iliyopita mwanawe alitoka Suzhou na futi ya kupimia, akawa anapima makabati. Nilimkuta kwenye ngazi, nikamuuliza. Akasema mama anataka kuhamia kwake. Ameishi nyumba hii miaka thelathini na mmoja, mumewe amefia humu, na miaka yote amekataa kuhama kwa sababu Suzhou hana wa kugombana naye. Sasa eti hana hata hapa.

Manqing, mimi ndiye niliyepiga simu ile.

Jioni ya siku ya kumi na mbili kamati ilinidokeza mimi, kama msimamizi, kwamba kesho yake wangepita mlango kwa mlango kupima koo. Nikajua utapatikana. Nikafungua picha zako mbili nizitazame kama atakavyozitazama mtu wa kamati, nikaona nilichofanya: kwenye zote mbili, chini ya karatasi yenye namba yako, kuna ile alama nyeusi ya duara kwenye meza yangu, niliyoichoma kwa sufuria. Na kwenye picha yangu mwenyewe, iliyotumwa dakika nne kabla, ipo vilevile. Meza moja, nyumba mbili. Nikawaza kwamba ukipatikana kwenye upimaji, watachunguza picha za jengo zima, lakini ukichongewa kabla, watashughulika nawe tu. Ndivyo nilivyowaza, na ndivyo ilivyokuwa.

Nimejaribu miezi mitatu kujiambia kwamba niliogopa homa yako, kwamba ulikuwa peke yako. Homa yako ilikuwa imeshuka mchana ule. Wewe mwenyewe ulikuwa umeniambia, na ulikuwa umeomba chumvi. Niliogopa jina langu. Na kuhusu ghorofa ya tano sitasema ulimi uliteleza. Kabla sijapiga, niliandika maneno yangu kwenye kipande cha karatasi, kama nionavyo waandishi wakifanya kabla ya mkutano, na "ghorofa ya tano" ilikuwemo. Nilichagua tano kwa sababu ndiko kikohozi kingesikika. Shangazi Bao sikumuwaza kabisa. Huenda hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba nilimtumia mtu na hata sikumuwaza.

Jana saa tatu asubuhi nilipanda kwake. Nilibeba mayai, halafu kwenye ngazi nikayaona yalivyo, nikayarudisha. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu hakunikaribisha ndani. Nilimweleza yote: picha, meza, simu, ghorofa ya tano, orodha. Alinisikiliza huku akimenya maharage mabichi, hakuacha hata moja. Nilipomaliza akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado, nitakuandikia. Akasema, "Yule naye alinitukana kwenye ngazi zangu mwenyewe. Ataambiwa, lakini asubiri zamu yake." Kisha akaniambia, "Wewe msichana umesoma. Mimi macho yangu hayafiki kwenye hizo simu zenu. Nenda kaandike palepale waliponiandika, na useme jina lako lote, usiseme 'mkazi'." Nikamwomba msamaha. Akajibu kwamba hana nafasi, ana maharage. Akafunga mlango, si kwa kishindo.

Nikateremka, nikaandika kwenye kundi la jengo. Niliandika jina langu na namba ya nyumba yangu, nikaeleza yote, ila sikutaja kwamba wewe ndiwe uliyeniomba picha. Nilisema tu kwamba nilipiga picha za uongo. Nikaambatisha orodha zangu za siku ishirini na sita, 502 ikiwa imekatwa kwa mkono wangu. Kisha mke wa Bwana Ge akaandika, "Na tulivyokuwa tunakuita binti mwenye akili." Wengine wameandika mengi, mengine yananistahili. Bwana Ge hakuandika kitu. Jioni nilimwona akipanda ngazi na tikiti maji, akapita ghorofa yangu bila kutazama mlango, akaendelea juu. Kama alifunguliwa sijui.

Usimamizi nimeuacha. Kamati nimeipelekea barua kama hiyohiyo, yenye sahihi. Kuhusu nyumba ya Septemba, usihisi kwamba ulishanipa ahadi. Nimekwisha mwambia mwenye ile nyumba ya vyumba viwili, uliyonitumia picha zake, kwamba asinihesabu, na nikampa namba yako ili uipange ukitaka, na mtu mwingine.

Nisalimie mama na baba, na yule mpwa wako aliyeanza kutembea. Nisalimie pia yeyote hapo anayeniuliza, isipokuwa ukiona sasa si vema. Jibu lako nitalipokea vyovyote litakavyokuja, hata lisipokuja.

Ukiipata barua hii, watu arobaini na wanane wa jengo hili watakuwa wamekwisha jua kabla yako. Najua itakuuma kuwa wa arobaini na tisa. Lakini Shangazi Bao ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza, na jana nilimpa nafasi hiyo.

Mdogo wako,
Qiu Peiran, 402