Nilichomwambia Fugate

Jumanne, 5 Machi 2019
Renata, wakili wangu mpya, kaja gerezani. Jaji amekubali kusikiliza dai letu: kwamba Fugate, wakili wa kwanza, hakunitetea ipasavyo, ndiyo maana nimefungwa kwa moto wa duka ambao sikuuwasha. Nikaruka! — Renata akanikalisha. Ukisema Fugate alizembea, anasema, huwezi tena kumfunga mdomo. Uliyomwambia kwa siri kuhusu usiku ule ataulizwa, na atayasema mbele ya watu.

Mbele ya watu! Usiku ule nilikuwa barabarani kuelekea jimbo la Ohio, rafiki yangu Oneida kajilaza kiti cha nyuma, anamkimbia mumewe. Nilimwambia Fugate peke yake. Nikamsihi amtafute Oneida kimyakimya, awe shahidi. Hata simu hakupiga.

Na huyo mume, Dwight, bado yupo hapa Kentucky. Bado anauliza mkewe yuko wapi.

Nimekataa. "Utaozea humu, dada!" Renata kanifokea. Basi nitaoza. Simrudishi mtu kwenye ngumi nilikomtoa mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Renata kamtafuta Oneida bila kuniuliza! Nimemsema mpaka mlinzi kachungulia. Kisha kanipa salamu za Oneida: Mwambie huyo mkaidi nimechoka kujificha. Akubali. Nakuja.

Nimekubali. Nimelia. Wenzangu wakauliza kulikoni. Nina rafiki, nikawaambia. Rafiki hasa!

Jumatatu, 18 Machi. Mahabusu ya mahakama
Mapumziko. Mlinzi kaniazima penseli.

Oneida kaja! Koti jekundu, nywele kakata, kakaa mstari wa mbele. Dwight naye akaingia, akakaa nyuma yake kabisa. Oneida akageuka, akamkazia macho. "Habari za asubuhi, Dwight." Sauti haikutetemeka. Hakusogea hata kidogo. Aliyehama ni Dwight! Nilitaka kusimama niwaambie wote: huyo ni wangu, huyo.

Fugate kizimba cha mashahidi. Akaulizwa kama nilimwambia nilikuwa na nani. Akaanza: hayo ni siri ya mteja. Jaji akamkata — mteja mwenyewe kaifungua, jibu. Fugate akanitazama. Nikamtazama, kichwa juu. Akafuta miwani.

"Aliniambia," akasema. "Na jina akanitajia."

Mbona hukumtafuta? Renata akamuuliza.

Akafuta miwani tena! Jaji akasema tukale kwanza.

Mkate sijaugusa. Kupitia mlango nasikia Oneida anacheka na Renata, kicheko kilekile kikubwa. Funguo. Wanatuita, Fugate ajibu.